Mama Hakuishia Dirishani

Kwako Mama, uliyepumzika Rusinga,

Uliniapisha nisimwambie mtu, nami nimeitunza siri yako muda mrefu kuliko nilivyowahi kutunza jambo lolote. Unanijua. Ulikuwa ukisema mdomo wangu ulizaliwa kabla ya kichwa. Leo naitoa siri hiyo, na sitaki kuja kuinong'ona kaburini pako. Naiandika waziwazi, aisome kila mwenye macho, kuanzia Shangazi Peres kule kisiwani hadi majirani zangu hapa Migori. Naiandika kwa Kiswahili ili jirani yangu Mama Boke naye aisome, maana yeye ni shahidi, na Kijaluo chake hadi leo hakijavuka salamu.

Aliyenichokoza ni Hawi. Yule mjukuu wako uliyemwacha na mapengo ya meno sasa ana miaka tisa na maswali ya wakili. Wiki iliyopita alirudi kutoka likizo Rusinga, na kabla hajavua viatu akanijia jikoni.

"Mum, ni ukweli Dani alikuogopa ukiwa na korona?"

Dani ndivyo wajukuu wako wote walivyokuita. Nikamuuliza nani amemwambia.

"Wote wanasema. Wanasema alikaa tu kwa dirisha."

Nilikuwa nakata sukuma wiki. Niliweka kisu chini nikamwambia akaoge, kwa sababu kumjibu kungekuwa kukuvunjia neno. Mtoto alikwenda kuoga akiamini kwamba nyanya yake alikuwa mwoga. Nimekaa na jambo hilo siku nne sasa, Mama, na siliwezi.

Lilianza siku ya mazishi yako. Shangazi Peres alisimama kutoa neno, akakusifu vizuri, kisha akasema ugonjwa ule ulitufundisha watu kuogopa hata damu yetu. "Hata dada yetu huyu," akasema, "nesi wetu akiwa mgonjwa huko Migori, alikaa nje ya dirisha siku zote hizo, hakuingia." Hakusema kwa ubaya. Watu waliitikia kwa vichwa, wengine wakaguna kwa huruma. Mimi, nesi mwenyewe, nilikuwa nimeketi mbele na leso mkononi, nikanyamaza. Okoth, mume wangu, alikuwa kwenye hema la wakwe, mbali na jeneza lako kama desturi inavyotaka. Nilimtafuta kwa macho, naye akainamisha uso. Tulijua sisi wawili, na Mama Boke wa tatu, kwamba jina lako lilikuwa linazikwa vibaya, na hakuna aliyefungua kinywa.

Basi ngoja niwaambie ilivyokuwa.

Unakumbuka mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria wengine. Wodini nilikuwa nawaambia watu, "Ni siku kumi na nne tu, mtavumilia." Lile "tu" nililitoa kwa urahisi sana. Kisha siku moja, nimetoka shifti, nimeshavua sare na kuoga, daktari msimamizi akanipigia. Mgonjwa niliyekuwa nimemhudumia siku tatu mfululizo majibu yake yalikuwa yametoka. "Sista, usirudi kesho. Jifungie chumbani, sampuli tutakuja kuchukua." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wa daktari huwa unanitisha kuliko ukali wake.

Nyumba yetu unaijua: sebule, chumba kimoja cha kulala, na jikoni pa kugeukia. Niliingia chumbani nikafunga komeo. Okoth na Hawi wakabaki sebuleni. Nilitoa amri kupitia mlangoni: sahani iwekwe dirishani, nguo zangu zifuliwe kando kwa dawa ya jiki, hakuna kufungua mlango hata nikilia. Nilizipenda amri zangu siku ya kwanza. Siku ya pili nilipima chumba kwa hatua: sita kwenda, sita kurudi, ukiondoa kitanda. Dirisha lilitazama ukuta wa ploti tunayopanga na wenzetu, na kipande cha mbingu kisichotosha kufunika meza. Nilikuwa nimezoea kuzunguka wodi nzima nikiamrisha watu, na sasa nilikuwa naamrisha kabati.

Waliokuja kuchukua sampuli walikuja na yale mavazi meupe kutoka utosini hadi unyayoni, wakaegesha gari la kazi langoni pa ploti. Walikaa dakika kumi tu. Walipoondoka, milango yote ya ploti ilikuwa imefungwa. Mtu akamwambia Okoth asiguse bomba la maji la pamoja, asubiri wenzake wamalize. Yule kijana wa bodaboda aliyekuwa akinipeleka kazini kila asubuhi alimpita mume wangu barabarani kama hajawahi kumwona. Na hawa ni watu ambao nimewadunga sindano watoto wao.

Lakini hilo sikulilia. Kilichonitoa machozi ni vidole vya Hawi. Alikuwa na miaka minne. Alilala kifudifudi sebuleni akapenyeza vidole vyake chini ya mlango, vinne, vina wino wa kalamu, akaniambia, "Mum, shika." Mama, nilirudi nyuma. Nilirudi hadi mgongo ukagonga kabati, nikamwambia mtoto wangu atoe mkono.

Sikukwambia wewe lolote. Okoth ndiye aliyekupigia, bila ruhusa yangu. Kesho yake ukafunga kiondo, ukavuka Mbita, ukapita Homa Bay, ukateremka Rongo, hadi Migori.

Hapo ndipo nilipocheka mara ya kwanza, ingawa wewe hukucheka. Ulifika langoni ukamkuta mkwe wako kifua wazi, povu hadi viwikoni, anafua nguo zangu za ndani. Wasioyajua mambo yetu na waelewe: kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume ni watu wa kuheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono. Hawatazamani wakila. Na kulala chini ya paa la mkwe wako ni mwiko kabisa, sembuse kukanyaga chumba anacholala na binti yako. Ukivunja, wazee wanasema inakufuata chira, laana inayomkondesha mtu hadi kaburini. Sasa Okoth kukuona, alitupa karai na kuruka nyuma ya tangi la maji. Wewe nawe ukageuka ukatazama barabara. Yeye hatoki kwa kuwa hana shati, na wewe huingii kwa kuwa hujakaribishwa. Mlikaa hivyo, jua linawachoma wote wawili, hadi Mama Boke alipotokea na kumrushia mkwe wako shuka.

Mama Boke alikuwa anauza mboga sokoni, mjane wa Kikuria mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na ndiye peke yake ambaye hakutufungia mlango. Aliposikia huwezi kulala kwetu alishangaa.

"Nyumba ya mtoto yako iko hapa, na hulali?"

"Hapana yangu. Ni ya huyu mwanaume," ukamjibu. "Mimi nasikia Kiswahili, lakini kuongea inakataa. Sheria ya Jaluo ni mbaya."

"Basi lala kwangu. Mimi Mkuria, sheria yenu hainijui."

Hivyo ndivyo ulivyopata mkeka kwa Mama Boke na kreti ya soda chini ya dirisha langu. Kila asubuhi nilisikia kreti ikiburuzwa, kisha sauti yako: "Nyathina, umeamka?" Mwanangu, umeamka. Ulikaa hapo hadi kafyu ilipokaribia. Majirani walipotuzuilia bomba ulibeba ndoo kichwani kutoka chemchemi ya bondeni, na umri wako ule. Ulinichambulia miiba ya samaki kama mtoto wa kuachishwa ziwa, ukapitisha sahani kati ya vyuma vya dirisha, halafu ukasimama kuhakikisha nimemaliza.

"Unakula ama unamwangalia samaki?"

"Nimeshiba, Mama."

"Huyu mbuta alikufa kwa ajili yako, na wewe unamwonea haya."

Nilikuwa mkali kwako, naomba unisamehe. Nilikupigia kelele uvae barakoa. Uliishusha kidevuni kila nilipogeuka. "Nitapumua vipi na hii sidiria ya mdomo?" Nilikwambia urudi Rusinga, nikakwambia wewe una presha, nikakwambia ukiugua mimi ndiye nitakayekuwa nimekuua. Ukaniambia nimesomea kuogopa. Tulikuwa tunagombana kupitia vyuma hadi Mama Boke akauliza kama kuna mtu anachinjwa.

Majibu yangu yalikuwa hayajarudi bado homa ilipokuja. Siku ya tano kichwa, siku ya sita kifua. Nilijihesabia pumzi kwa saa ya mkononi kama ninavyowahesabia wagonjwa, na kila nikihesabu nilipata zaidi. Daktari alisema kwa simu nikishindwa kumaliza sentensi nipige, gari lije. Nikawa najipima kwa sentensi. Nilikuwa nazisema peke yangu, kwa ukuta: jina langu, jina la baba, kata, kata ndogo. Nilikuwa na hofu, Mama. Si hofu ya kufa hasa. Nilikuwa nimewaona wagonjwa wakifa mikono yetu ikiwa ndani ya glovu, na nilichoogopa ni kwamba mtu wa mwisho kunigusa ngozi kwa ngozi nilikuwa nimeshamsahau.

Siku ya saba, jioni ya saa kumi hivi, ulileta uji. Uliita mara tatu. Sikuweza kuinuka kuufuata dirishani.

Ukauliza swali lako lile la zamani. "Miguu iko vipi?"

Nilipokuwa mdogo Rusinga, malaria iliponikamata, ulikuwa ukilala miguuni pangu umeshika kidole gumba cha mguu. Ulisema paji la uso linadanganya kwa sababu kila mtu analipapasa, lakini kidole cha mguu hakina wa kumfurahisha. Kikiwa baridi huku kichwa kinawaka, ulinibeba mgongoni hadi zahanati bila kungoja asubuhi. Nimesoma miaka mitatu ya uuguzi, nimesoma mzunguko wa damu, na mpaka leo nikimkaribia mgonjwa mkono wangu unaanzia miguuni. Wenzangu wananicheka.

"Ya baridi, Mama," nikajibu.

Nilisikia kreti ikilia ulipoketi.

Hapa ndipo nilipowadanganya hata wale wachache waliojua. Okoth na Mama Boke wanaamini kwamba wewe ndiye uliyeng'ang'ania. Niliwaacha waamini hivyo, nawe hukunisahihisha. Wanakusimulia wakiwa peke yao kama mama aliyesukuma mlango wa mgonjwa, na mimi natikisa kichwa kama nesi aliyeshindwa nguvu. La. Hukusukuma kitu. Wewe ulikuwa umeketi kwenye kreti yako, umeshika sheria yako na yangu zote mbili, kama nilivyokuamuru. Mimi ndiye niliyesema.

"Mama, ingia."

Nikarudia, na mara ya pili sikuwa nesi tena, nilikuwa na miaka sita. Nililia kwa sauti. Nikakwambia sitaki kufa na komeo.

Nilisikia ukiinuka na kuzunguka nyumba, ndala zako zinaburuta. Ulisimama sebuleni kwa mkwe wako, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka karakana, mahali ambapo hukuwa umewahi kusimama bila kuitwa. Nilisikia kila neno kupitia mlango.

"Ora," ukaita. Mkwe wangu. "Nimekuja kukuvunjia nyumba."

Nilimsikia Okoth akiweka chini kisanduku cha zana.

"Huyu miguu yake imekuwa baridi. Sitaki kukudanganya, nitalala humo ndani, kwa chumba yako. Ukikataa, nitarudi nje, na sitakuchukia."

Ninamfahamu mume wangu. Ni seremala, maneno kwake ni kama misumari, hatumii zaidi ya inayohitajika. Nilimsikia akikunja blanketi, akimwita Hawi, akitafuta kofia.

"Mama, mimi naenda kulala karakana," akasema. "Kuna mbao ya mteja sitaki iibiwe. Mtoto atalala kwa Mama Boke. Mimi sijaona kitu."

Akatoka. Hakugeuka, Mama Boke aliniambia baadaye, alitembea ametazama chini hadi langoni.

Komeo lilikuwa upande wangu. Nataka hilo lieleweke vizuri. Hakuna mtu duniani angeweza kuingia chumba kile bila mkono wangu. Nilijua jinsi virusi vinavyosafiri, nilijua presha yako, nilijua umri wako, nilikuwa nimewafundisha wengine kwa mabango. Nikavaa barakoa, nikafungua dirisha lote, nikafungua komeo.

Ulisimama kizingitini kidogo. Uliangalia kitanda cha mkwe wako, ukaangalia pembeni. Kisha ukasema, si kwangu, nadhani ulikuwa unamwambia yule uliyekuwa ukimwomba kila Sabato: "Wewe hujali nyumba ni ya nani. Ni watu wa Rusinga wanaojali." Ukaingia.

Nilikupangia chumba kama ninavyopanga wodi, Mama, hata pumzi zikiwa haba. Wewe miguuni, kichwa chako upande wa mlango, barakoa usoni na si kidevuni, na dirisha wazi. Hukubisha. Mara moja tu maishani hukunibishia. Ukatandika mkeka, ukaketi chini, ukapenyeza mkono chini ya blanketi na kushika kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto. Mkono wako ulikuwa na mikwaruzo ya miiba ya samaki. Kwa siku saba hakuna kitu hai kilichokuwa kimenigusa isipokuwa mbu. Sikumbuki kama nilikushukuru. Nafikiri nililala.

Ulilala mle siku tano. Kila alfajiri, kabla ploti haijaamka, ulikunja mkeka ukaupeleka kwa Mama Boke, na watu walipofungua milango walikukuta umeketi kwenye kreti chini ya dirisha, unachambua mboga kwa utulivu kama mtu aliyelala vizuri. Ndiyo maana wote waliona dirisha. Ulihakikisha wanaliona. Hata binamu yangu aliyekuja kutoka Homa Bay na kusimama langoni akiwa ameziba pua kwa koti aliliona, akaenda kulitangaza Rusinga.

Siku ya nne tangu uingie, kidole kilipata joto. "Sasa umerudi," ukasema, ukaomba chai ya maziwa, yako, si yangu. Kesho yake ukahamia tena kwa Mama Boke moja kwa moja, Okoth akarudi kwake, na mambo yakawa kama hayakutokea. Majibu yalipokuja kwamba nilikuwa nayo kweli, nilikuwa tayari nalalamika kuhusu chumvi.

Siku ile ulipohama, ukiwa dirishani, uliniapisha. "Ukinipenda, mdomo wako huo ufunge. Wakijua nimelala kwa ora, hata kuku akifa watasema ni mimi."

Nikakuapia. Nami nikakupa sharti langu: usirudi kisiwani kabla ya wiki mbili, ukae pale kwa Mama Boke peke yako nyuma ya pazia, na ukikohoa niambiwe. Ulikubali. Mama Boke alifunga pazia katikati ya chumba, akakuletea mboga umchambulie, na mkawa mnapiga kelele za Kiswahili chenu kibovu kupitia kitambaa. Hukukohoa hata mara moja. Lakini hata hilo walilipotosha. Kule nyumbani walisema umenogewa na mji, mtoto mgonjwa na wewe unafanya biashara ya mboga. Ulirudi Rusinga ukayakuta maneno hayo yamekaa yanakusubiri, na hukuyajibu. Uliendelea kuanika omena wako, dagaa wa ziwani. Nilipokupigia kukuuliza kama wanakusumbua, ulisema, "Acha waseme. Wewe unatembea?" Nikakwambia natembea. "Basi."

Karibu miaka mitatu ulibeba maneno yale. Kisha presha ikakuangusha shambani, wakakukimbiza Homa Bay, nami nikapanda gari na sare yangu ya kazi mwilini. Ulikuwa huwezi kusema tena. Nilipita kichwani, nikapita ile mashine ya kupimia, nikaenda miguuni nikashika kidole. Nesi wa zamu, msichana mpole, aliniuliza natafuta nini huko wakati vipimo viko huku. Nilibaki hapo hadi kilipopoa na sikuhitaji mtu wa kuniambia.

Najua watakachosema sasa. Watasema chira. Watahesabu miaka kwa vidole kutoka chumba kile hadi kaburi lako na kusema, mnaona? Presha yako niliigundua mimi mwenyewe miaka kumi kabla ya korona, kwa mashine yangu, na vidonge ulikuwa ukiviruka kila ulipojisikia vizuri, mara ngapi tumegombana. Hilo nitamwambia yeyote atakayeniuliza. Na mwenye kutaka kufanya mambo ya kutakasa nyumba, Okoth amesema aje, atapewa kiti na chai. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika, maana siri ilikuwa yake pia. Alifikiri kidogo akiwa ameshika randa, akasema, "Andika. Lakini andika pia kwamba sijaona kitu." Nimeandika.

Kwa miaka hii nimerudi kazini, nimefungua milango mingi, nimewaambia ndugu wengi wasubiri nje. Watu wanafikiri kilichonifunga ni zile siku kumi na nne. Zile ziliisha. Ambacho hakikuisha ni kukaa kwenye mikutano ya familia, mtu akitaja korona, wakikutaja wewe na dirisha, na mimi nesi mzima, mdomo huu unaoujua, nimekaa na komeo upande wangu na sifungui. Uliposema nifunge mdomo ulikuwa unaogopa watasema umevunja mwiko. Hukujua watasema kitu kibaya zaidi, kwamba mama hakuingia kwa mwanawe. Ungalijua ungaliniachilia. Nakutetea hivyo, na kama nimekosea, tutagombana tutakapoonana.

Jana nilimketisha Hawi kando yangu kitandani, kile kile, nikamwambia yote. Nilimwonyesha mahali mkeka ulipokuwa. Nilimwonyesha komeo. Nilimwambia kuhusu vidole vyake vya wino, naye havikumbuki. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama anavyouliza yeye, bila huruma.

"Sasa kumbe ni nani aliogopa?"

"Mimi," nikamwambia. "Niliogopa, nikamwita, akaja."

Akashuka kitandani, akavuta blanketi kutoka miguuni pangu, akashika kidole gumba cha kushoto. Akasema kina joto.

Oriti, Mama, kwaheri. Lala vizuri katika nyumba yako mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
niliyekufungulia mlango.